Barua ya Kuomba Kazi Ijibu Tangazo

Barua nyingi za kuomba kazi ninazoletewa katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira hapa Nairobi zinafanana kama mapacha. Zimechapwa saiba (duka la huduma za kompyuta), kutokana na barua ya mtu mwingine iliyobaki kwenye kompyuta, na kilichobadilishwa ni jina, nambari ya simu na tarehe. Zote zinasema: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Ofisa wa ajira aliyesoma sentensi hiyo mara kumi asubuhi hiyohiyo hawezi kukujua kwayo. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mwenye barua ana uwezo, ila hakuuandika.

Anza na tangazo lenyewe. Lisome ukiwa na kalamu, upigie mstari kila wanachotaka. Tuseme kiwanda kimoja cha Industrial Area kinatafuta karani wa stoo anayejua kuhesabu bidhaa, kuweka rekodi kwenye kompyuta na aliye tayari kwa zamu ya usiku. Mambo hayo matatu ndiyo uti wa mgongo wa barua yako. Kila moja lijibu kwa jambo ulilolitenda:

"Kwa miaka miwili nimetunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Kariobangi. Kila Jumamosi jioni nilihesabu saruji, mabati na rangi, nikalinganisha na daftari la mauzo, kisha nikamweleza mwenye duka kilichopungua."

Mwandishi huyu hakujiita mwaminifu, lakini uaminifu wake unaonekana.

Na ambaye hajawahi kuajiriwa je? Binti mmoja aliniambia hana la kuandika. Tulipoendelea kuzungumza nikagundua kwamba ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwao, na kwamba ndiye anayefuatilia michango kila mwezi na kuwasomea wanachama hesabu. Hiyo ni kazi. Mafunzo ya kazini uliyofanya ukiwa chuoni, kibanda cha mama ulichouzia likizoni, timu ya mtaa uliyoisimamia, vyote vina nafasi mradi viguse kinachotafutwa. Usiongeze chumvi tu, maana warejelewa wako, yaani watu uliowataja wakushuhudie, watapigiwa simu. Waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, na uwaambie ni kazi gani unayoomba.

Muundo ni uleule tuliofunzwa shuleni: anwani mbili, tarehe, mtajo, KUH (kuhusu) na nambari ya tangazo ikiwa ipo. Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa lugha ya tangazo, ambayo hapa Nairobi mara nyingi ni Kiingereza. Ukituma kwa baruapepe, faili iwe PDF yenye jina lako, na usiache ujumbe wenyewe mtupu.

Kabila, dini na hali yako ya ndoa havihitajiki. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, hata wakati wa kuajiri. Tena, tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri anapaswa kudai vyeti kama kile cha mwenendo mwema pale tu anapokusudia kukuajiri. Nimeona vijana wakikopa kulipia vyeti vya kuambatisha kwa maombi ambayo hayakujibiwa kamwe. Pesa hizo zingewalipia nauli ya kwenda kwenye mahojiano. Na yeyote anayekuitisha "ada ya usajili" ili barua yako ifike kwa bosi, usimtumie hata shilingi.

Ukimaliza, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua kazi hiyo, kisha umuulize umeomba kazi gani na umewahi kufanya nini. Akikwama, rudi kwenye aya ya kwanza ya barua yako. Na ukija kwa mshauri wa ajira, beba tangazo pamoja na barua. Bila tangazo, tutakurekebishia tahajia tu.