Kwa nini matumbawe hugeuka meupe bahari ikipata joto?

Watu wa pwani tumezoea kuyaita mawe. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe ni za matumbawe, na chokaa yake imechomwa kutokana nayo. Mafundi wa zamani walipotaka kuchonga nakshi za mihrabu waliyakata yale ya aina ya poritesi yakiwa mabichi baharini, maana yakishakauka huwa magumu. Sasa, jiwe gani lina ubichi?

Tumbawe ni mnyama. Au tuseme ni mji wa wanyama wadogo kwa maelfu, kila mmoja ana mdomo na minyiri yake, wote wamekaa juu ya kiunzi cheupe cha chokaa walichokijenga wenyewe. Miili yao inapitisha mwanga kama kioo. Rangi nyingi tunayoiona ni ya mpangaji: mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama yao. (Si ule unaolimwa Paje na Jambiani huko Unguja, huu hauonekani kwa macho.) Mpangaji hulipa kodi kwa chakula. Hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na tumbawe linaweza kupata humo hadi asilimia 90 ya nguvu linazohitaji.

Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha miezi ya joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, kazi hiyo ya sukari inavurugika. Jua linaendelea kuwaka lakini nguvu yake haina pa kwenda, na badala ya chakula inazalishwa oksijeni ya aina yenye sumu. Tumbawe humfukuza mpangaji. Nyama inabaki bila rangi, na kiunzi kinaonekana hadi ndani.

Kwa hiyo weupe ule bado si kifo, ni njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yakichelewa kupoa, tumbawe hufa, na mwani mwingine, ule mkubwa kama majani, unaota juu ya mifupa yake.

Kwetu, wakati wa hatari ni mwisho wa msimu wa upepo wa kaskazi, Machi na Aprili. Upepo unalegea, bahari inakuwa shwari, maji ya juu hayachanganyiki na ya chini yaliyo baridi, na jua linapenya mpaka mwambani. Shwari hiyo inayompendeza mvuvi ndiyo inayolichoma tumbawe. Kinachosubiriwa ni upepo wa kusi uingie ukoroge maji.

Mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake baada ya El Niño kuipasha Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 yakageuka meupe tena, na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba weupe huo umeenea dunia nzima kwa mara ya nne. El Niño ni ya tangu zamani. Kipya ni kwamba bahari imemeza takriban asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi tunazorusha angani, hivyo kila kaskazi inaanza ikiwa imekaribia zaidi ule mpaka wa nyuzi 1.

Hayafi yote sawasawa. Yenye matawi hukua haraka na hutangulia kufa; poritesi, linaloongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka, huvumilia zaidi. Matawi yakivunjika, samaki wadogo hukosa pa kujificha. Hapo samaki aina ya pono na kangaja wana kazi: hula ule mwani ulioota juu ya mifupa na kuacha nafasi ya matumbawe machanga kushika. Palipovuliwa pono wote, mwamba hukawia kurudi.

Na mahali napo pana bahati yake. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, na maji baridi ya chini huipoza miamba ya upande wa Shimoni na Tanga, ambako matumbawe yamehimili joto kuliko sehemu nyingine nyingi za pwani hii.