Gofu ya diski msituni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akikiona kwa mara ya kwanza kikapu cha chuma chenye minyororo katikati ya miti ya bustani ya umma, hudhani ni pipa la taka la ajabu ajabu. Akiambiwa ni shimo la gofu, kwamba hapa hupigwi mpira bali unarusha diski mpaka iingie kikapuni, kwa mirusho michache iwezekanavyo, anacheka, halafu anaanza kutoa maoni. Mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Mwenye mkono wa nguvu ndiye mshindi."
Kwenye nyasi wazi, labda. Msituni unarusha kwenye uchochoro kati ya vigogo, na miti haijali misuli yako. Ukikosea pembe kwa nyuzi 3 tu unapoiachia diski, baada ya mita 60 imeshatoka nje ya mstari kwa mita 3 na ushee. Hapo pana shina.

Ndiyo maana wazoefu huacha diski za kasi kwenye begi. Diski ya kasi ina ukingo mpana wenye makali, na isipopata kasi iliyotengenezewa, hukata kona mapema: kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa bekihendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa kifua. Puta, ile diski nene ya kulengea kikapu, ikirushwa taratibu huenda karibu mstari mnyoofu. Inachosha kumweleza hivyo mgeni aliyekwisha nunua diski tano za kasi.

"Mti ni hewa asilimia 90."
Huu ni utani wa wachezaji wenyewe, na wapo wanaouchukulia kama mbinu. Kuna hewa kwenye matawi, si kwenye shina. Tena mti unaogharimu zaidi ni ule wa karibu, kwa sababu diski hufika pale ikiwa bado na kasi yake yote. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nakikodolea macho kikapu. Mti uliokuwa hatua sita mbele yangu ukaitika "ko!", diski ikarudi, ikapita kando ya goti langu, ikalala nyuma ya nilipoanzia. Tangu hapo nalenga mwanya wa kwanza. Kikapu nakitafuta baadaye.

"Diski ikinasa mtini, umepigwa adhabu."
Kwa sheria za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, adhabu ya diski iliyonasa zaidi ya mita 2 juu ya ardhi hutolewa tu pale mkurugenzi wa mashindano alipotangaza kuitumia. La sivyo, unaweka alama chini yake, unaendelea. Kuishusha ni shughuli nyingine.

"Tawi likikuzuia, livunje."
Hapana. Unatakiwa usimame kwa namna itakayousogeza mti kidogo iwezekanavyo. Majani makavu na vijiti vilivyoanguka mahali utakapokanyaga unaweza kuvitoa. Vilivyo mbele yako, kuelekea kikapu, viache.

"Nitaitafuta mpaka niipate."
Kwenye mashindano una dakika 3. Zikiisha, unaongezewa mrusho mmoja na kurudi ulikorushia. Kwa hiyo acheni diski za kahawia na za kijani, jamani.

"Si ni kisahani cha kuchezea watoto tu?"
Undugu upo. Ed Headrick, aliyeboresha Frisbee, yaani kisahani hicho cha kurushiana, ndiye aliyebuni uwanja wa kwanza wa kudumu kule Oak Grove, California, mwaka 1975, na kikapu cha minyororo pia ni kazi yake. (Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski. Huyo aliupenda mchezo.) Lakini diski ya gofu ina kipenyo cha sentimita 21 hivi, ndogo kuliko kile kisahani cha ufukweni, ngumu zaidi, na ukingo wake ni mkali. Ikikupata usoni, utashonwa.

Ndipo tunafika kwenye dhana inayonikera: kwamba ukishasimama penye alama ya kurushia, njia ni yako. Bustani ni ya wote. Mama anayesukuma kigari cha mtoto hajui kwamba kijia anachopita kinakatiza shimo la saba, yaani njia ya kurushia kuelekea kikapu cha saba, na miti inamficha mpaka amefika katikati. Pale kona isipoonekana, mwenzako atangulie, asimame panapoonekana pande zote mbili, na wewe usirushe mpaka ainue mkono.