Ile asilimia 5 si mwisho wa hesabu: Nasaha kwa waundaji wa maudhui mtandaoni

Kila mwaka Juni inapobisha hodi, madawati yetu ya huduma katika Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) hupokea kundi la walipaushuru ambalo miaka michache iliyopita halikuwapo. Ni wenye chaneli za YouTube, kurasa za TikTok na Facebook: wapishi, wachekeshaji, walimu wa hisabati wanaofundisha kwa video, wachambuzi wa kandanda. Wengi huja na lalamiko lilelile: "Mimi nilishakatwa ushuru na kampuni iliyonilipa. Mbona iTax inasema nina deni?" (iTax ni mfumo wetu wa ushuru mtandaoni.)

Lalamiko hili limeongezeka tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ianze kukata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya. Mswada ulikuwa umependekeza asilimia 15. Bunge likapitisha 5, na makato yakaanza tarehe 1 Julai 2023. Nakubali kwamba mambo yaliyofuata yaliwachanganya watu. Mwishoni mwa Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema sheria hiyo ilipitishwa kinyume cha Katiba. Mnamo Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo na sheria ikabaki. Kabla ya hukumu hizo, mnamo Juni 2024, Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ni kitu kingine kabisa, uliondolewa baada ya maandamano. Hadi leo kuna wanaotuambia kwamba "ushuru wa mitandao ulifutwa". Haukufutwa. Kilichoondolewa ni mswada wa 2024, si sheria ya 2023.

Jambo ninalotaka lieleweke ni hili: asilimia 5 ni malipo ya mapema, si ushuru wa mwisho. Kampuni inayokulipa huikata na kuiwasilisha kwa niaba yako, nawe unapojaza ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako wa mwaka inayowasilishwa kufikia mwisho wa Juni, unaihesabu kama sehemu ya ushuru uliokwisha kulipa. Kinachobaki ni juu yako. Na njia pekee ya kukimudu bila kuhangaika ni kuwa na mazoea madogo ya kila wiki, kuanzia Januari hadi Desemba. Ushuru wa muundaji wa maudhui haushughulikiwi Juni. Juni unatoa tu taarifa ya mambo uliyokwisha kuyafanya.

Nitoe mfano. Tuseme kuna mama wa Nakuru anayerekodi video za mapishi. Kwa mwaka amepata Sh960,000. Kati ya hizo, Sh600,000 zilitoka kwa kampuni za humu nchini zinazouza unga, mafuta na sufuria, na nyingine ni matangazo ya YouTube. Gharama zake zilizo na stakabadhi ni Sh300,000: bando za intaneti, umeme, mhariri wa video, viungo vya mapishi. Anayotozwa ushuru ni Sh660,000. Sh288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 28,800. Sh100,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, yaani 25,000. Sh272,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 30, yaani 81,600. Jumla ni Sh135,400. Ondoa nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru analopewa kila mkazi, ya Sh28,800, unabaki na Sh106,600. Ondoa asilimia 5 iliyokatwa na zile kampuni, Sh30,000. Deni lake ni Sh76,600.

Sasa mchukue mama huyohuyo, mapato yaleyale, ila hakuweka stakabadhi hata moja. Ushuru unahesabiwa kwa Sh960,000 nzima, na deni lake linafika Sh166,600. Tofauti ni Sh90,000. Fedha hizo hazikuibwa na mtu, wala hakuna afisa aliyemwonea. Alizipoteza kidogo kidogo kila aliponunua bando na vifaa bila kuchukua ankara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijapata kuona biashara ambayo msemo huu unaifaa kuliko hii ya mitandaoni, ambako hakuna duka, hakuna kaunta, na pesa huingia kwa njia tano tofauti.

Kuhusu ankara, nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara haikubaliki katika hesabu ya ushuru isipokuwa ina ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kuna misamaha michache, kama vile mishahara, riba za benki, tiketi za ndege na huduma zinazoagizwa kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo programu ya kuhariri unayoilipia kwa dola kila mwezi kwa kampuni ya ng'ambo haihitaji eTIMS, lakini weka ushahidi wa malipo. Kijana anayekuhariria video kule Rongai anahitajika kukupa ankara hiyo. Akikuambia hana mashine, mwambie haihitajiki mashine: asiyesajiliwa kwa VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa) anaweza kutumia eTIMS kupitia eCitizen au kwa kubonyeza *222# kwenye simu yake. Nawe vilevile, kampuni inapokulipa, itakudai ankara ya eTIMS, na bila hiyo idara yao ya fedha itachelewesha malipo yako kwa sababu wao pia hawataweza kuidai gharama hiyo.

Kamera na kompyuta si sawa na bando. Bei yake haiondolewi yote mwaka ulionunua. Hugawanywa kwa miaka kadhaa. Kodi ya nyumba unayoishi huingia kwa kiasi cha nafasi unayotumia kazini, si yote. Na nguo za harusi ya binamu hazigeuki gharama ya biashara kwa kuwa zilionekana kwenye video. Tumelijibu swali hili mara nyingi sana, na jibu ni lilelile.

Nirudi kwenye mazoea. Tenga nusu saa kila Ijumaa. Andika kila kilichoingia wiki hiyo: kutoka kwa nani, tarehe gani, kiasi gani kabla ya makato. Kwenye makato hapo wengi hukosea: kampuni ikikubali kukulipa Sh100,000, ikakata 5,000 na kukutumia 95,000, mapato yako ni 100,000. Ukiandika 95,000 kisha ukadai tena ile 5,000, umeihesabu mara mbili na mfumo utakuuliza. Malipo ya dola yaandike kwa shilingi kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ulipoyapokea. Na kama duka limekupa simu badala ya pesa ili uitangaze, thamani ya simu hiyo ni mapato. Najua hili haliwafurahishi, lakini malipo ni malipo hata yakija ndani ya kisanduku.

Fungua akaunti au namba ya till ya kazi peke yake. Ukichanganya pesa za chaneli na za chama, ada ya shule na mchango wa matanga kwenye M-Pesa moja, hutaweza kumweleza mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, ni zipi zilizokuwa mapato. Afisa akiona Sh40,000 zimeingia kutoka kwa shangazi, kazi ya kuonyesha kwamba hazikuwa za biashara ni yako. Kumbukumbu zote, pamoja na taarifa za benki na mikataba, ziweke kwa miaka 5.

Kila pesa ikiingia, tenga asilimia 15 siku hiyohiyo, kabla hujanunua taa mpya wala kipaza sauti. Yule mama wa Nakuru angefanya hivyo, angekuwa na Sh139,500 mwisho wa mwaka (asilimia 15 ya Sh930,000 zilizomfikia baada ya makato): deni la Sh76,600 lingelipika, na kilichobaki kingembeba Januari, mwezi ambao bei ya matangazo hushuka baada ya pilikapilika za Desemba. Mapato ya kazi hii hayana mpangilio. Google, mwenye YouTube, hailipi kabla hujafikisha dola 100, na hulipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mwenye chaneli ndogo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kuona kitu. Kwa hiyo jilipe kiasi kilekile kila mwezi, ukikipima kwa miezi yako dhaifu. Matumizi ya nyumbani yakipangwa kwa mwezi ule mmoja video ilipovuma, biashara haitafika mwaka wa tatu.

Walio na watazamaji wengi Marekani wasisahau fomu ya ushuru ndani ya akaunti ya AdSense, mfumo ambao Google hulipia matangazo. Usipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya dunia nzima. Ukiijaza, inakata sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani pekee. Kenya haina mkataba na Marekani wa kuzuia kutozwa ushuru mara mbili, hivyo kiwango kwenye sehemu hiyo ni asilimia 30. Makato hayo huenda Marekani. Hayana uhusiano na ile asilimia 5 yetu, na wanaotuletea taarifa ya AdSense wakidai ni cheti cha makato ya Kenya wanapoteza muda wao.

Cheti halisi cha ushuru wa zuio, yaani ushuru unaokatwa na anayekulipa, hutolewa na iTax kampuni inapowasilisha makato. Ikiwa umekatwa na cheti hakijaonekana, iulize kampuni mwezi huohuo. Usingoje Juni, kwa kuwa aliyekukata huenda alibadilisha wakala, au aliandika PIN yako (namba yako ya mlipaushuru) vibaya. Bila cheti, mfumo hauitambui pesa hiyo hata kama ankara yako inaionyesha. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote, uliza bei iliyotajwa ni kabla au baada ya makato, na kampuni itaitumia video yako kwa muda gani na kwenye majukwaa gani.

Sasa tarehe. Ritani ya mtu binafsi ya mwaka uliopita hujazwa kufikia tarehe 30 Juni. Hii kila mtu anaijua. Isiyojulikana ni kwamba salio la ushuru lenyewe hulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi miwili kabla. Anayelipa Juni 30 akijisifu kwamba amewahi, amechelewa. Tena, ikiwa ushuru unaokusalia kwa mwaka unafika Sh40,000 au zaidi, kama wa yule mama, sheria inataka ulipe kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, robo kila mara. Kiasi unaweza kukikadiria kwa mapato ya mwaka unaoendelea, au kuchukua asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliotangulia. Wanaoingiza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka wanaangukia ushuru wa mauzo wa asilimia 3 unaolipwa kila mwezi, ambao una masharti yake. Afadhali ufike ofisini uelezwe kabla ya kuamua.

Adhabu ni hizi. Kuchelewesha ritani ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo. Kuchelewesha malipo ni asilimia 5 ya kiasi kilichochelewa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi hadi ulipe. Kwa deni la Sh76,600, faini ya kuchelewa kulipa ni Sh3,830 na riba ni Sh766 kwa mwezi. Sheria haitofautishi aliyesahau na aliyekataa.

Kuna jambo linaloniudhi na sitalificha. Ni ile tabia ya kwenda kwa mtu wa saiba (duka la huduma za intaneti), kumpa nywila ya iTax na Sh200, akakujazia sufuri. Sufuri ni tamko lako kwamba mwaka mzima hukupata hata shilingi. Wakati huohuo vyeti vya makato vya kampuni tatu vinaonyesha ulilipwa. Mfumo unavisoma vyote viwili. Anayepigiwa simu baadaye ni wewe, si yule wa saiba, ambaye huenda bado ana nywila yako.

Ikiwa umewahi kujaza sufuri hali ulikuwa ukilipwa, usisubiri barua. Badilisha nywila kwanza, kisha ingia iTax, chagua ritani ya mwaka husika, na uwasilishe ritani iliyorekebishwa. Unaruhusiwa kurekebisha ndani ya miaka 5. Deni likitokea na huna pesa zote, andika ombi la kulipa kwa awamu ukieleza utalipa kiasi gani na tarehe ngapi, uambatishe taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Maombi yenye ratiba ya kweli hushughulikiwa vizuri kuliko yale ya "nitalipa nikipata". Kuomba PIN, kurekebisha ritani na kuhudumiwa kwenye vituo vyetu hakulipiwi chochote. Njoo na kitambulisho, simu yenye laini uliyosajili, na daftari lako la Ijumaa, hata kama limeanza wiki iliyopita.