Mhimili wa balansi: feleji ipikwe kwanza, ikerezwe baadaye

Ukiunda saa ya mkono kuanzia malighafi, bamba la shaba hukuvumilia, kwa maana tundu lililoenda upande huzibwa na kutobolewa upya. Mhimili wa balansi, yaani wa gurudumu linaloyumba huku na huko kupima mwendo wa saa, hauna uvumilivu huo. Unabeba gurudumu hilo linalopiga mapigo 18,000 kwa saa, yaani 432,000 kwa siku, juu ya ncha mbili zenye kipenyo cha milimita 0.10 hivi.

Anza na fimbo ya feleji yenye kaboni kama asilimia 1, kipenyo milimita 2. Wapo wanaoikereza ikiwa bado laini, halafu ndipo wanaipika, yaani wanaipasha moto na kuichovya ili iwe ngumu. Mimi napinga kabisa: kitu chembamba kikichovywa kikiwa chekundu hupinda, na magamba ya moto hula vipimo.

Ipake sabuni kuzuia magamba, kisha ipashe mahali penye giza kiasi, maana juani utaizidisha moto bila kujua. Ikifika wekundu wa cheri, karibu nyuzi 780 za Selsiasi, sumaku haiishiki tena. Ichovye kwenye mafuta ikiwa wima. Ikiingia kiubavu, upande mmoja hupoa mbele ya mwingine na fimbo hujikunja. Ijaribu kwa tupa: tupa ikiteleza bila kuuma, imekuwa ngumu, na sasa ni dhaifu kama kioo.

Ili kuupunguza udhaifu huo, isugue kwa msasa hadi ing'ae, uilaze kwenye kikaango kidogo chenye vumbi la shaba, uweke juu ya taa ya spiriti. Rangi hupita manjano, kahawia, zambarau, kisha buluu, karibu nyuzi 300. Itoe hapo hapo. Ikipauka kuelekea kijivu imelegea kupita kiasi, nayo inabidi ipikwe upya tangu mwanzo.

Feleji ya buluu hukerezeka kwa kisu cha kabaidi (madini magumu kuliko feleji) chenye makali kamili. Kisu butu hakikati, kinasugua, na uso wa chuma huwa mgumu na kuteleza. Kereza nusu ya kwanza, lakini ncha iache na ziada ya milimita 0.02. Shina la ncha lipanuke kwa mviringo kama mdomo wa tarumbeta. Kona kali ndipo ncha huvunjikia saa ikianguka.

Ugumu hasa ni kuugeuza mhimili ili kukereza nusu ya pili. Ukitoa mhimili na kuubana upya, katikati yake haiwi ile ile. Chonga tundu la pembe kwenye kipande cha shaba kikiwa tayari kwenye kerezo, ugandishe mhimili humo kwa lakiri ya moto, na uunyooshe kabla haijapoa.

Urefu wote ni umbali kati ya vito viwili vya mwisho (vijiwe vigumu ambavyo miisho ya ncha huegemea), kasoro milimita 0.03 za kuchezea. Maliza ncha kwa kisuguo kigumu chenye mafuta: kinabana uso wa chuma, ilhali msasa huuacha na mikwaruzo. Kwa tundu la kito la milimita 0.11, ambamo ncha huzunguka, simama kwenye 0.10.

Weka balansi bila springi yake, uipulize kidogo. Inapaswa kupungua mwendo polepole. Ikisimama ghafla saa ikilala tu, tazama miisho ya ncha; ikisimama ghafla saa ikiwa wima tu, tazama ubavu wa ncha na tundu la kito.