p53 "hasi" si habari njema

Wiki hii limeletwa tena mezani kwangu hapa Mwanza swali lile lile kuhusu kipimo cha kupaka rangi protini ya p53 kwenye uvimbe: "p53 ni hasi, si ndiyo nafuu kwa mama huyu?" Hapana. Tulimalize leo.

p53 hushika DNA na kuwasha jeni za kuisimamisha seli iliyoharibika, au kuiua. Hilo mnalijua. Kinachosahaulika ni kwamba kwenye seli yenye afya protini hii haikai: protini nyingine, MDM2, inaipeleka ikavunjwe, na nusu yake hutoweka ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo maana kingamwili ya DO-7, inayoishika p53 ili ionekane kahawia, ikipita kwenye tishu yenye afya, viini havifanani. Hiki kimekolea kahawia, kile hafifu, cha tatu kimebaki na buluu ya hematoksilini tu, rangi inayopakwa viini vyote. Mchanganyiko huo ndio uzima.

TP53, jeni inayotengeneza p53, ikibadilika herufi moja, mara nyingi protini yenye kasoro hulundikana na uvimbe karibu wote unakuwa kahawia. Hapo hakuna anayebisha. Shida ni pale jeni inapokatika katikati au kupotea, protini isionekane kabisa. Uvimbe unabaki buluu tupu. Mmoja anaandika "hasi", mwenzake anasoma "salama", na mgonjwa ana saratani kali ya ovari! Kwenye saratani ya sirasi ya daraja la juu, ndiyo hiyo kali ya ovari, buluu tupu ina uzito ule ule wa kahawia iliyokolea kote. Zote mbili zinasema jeni imeharibika.

Ila buluu tupu nayo haiaminiki peke yake. Sampuli ikivuka ziwa kutoka Ukerewe, kipande kikubwa kimebanwa kwenye kichupa na fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, imelowesha chini tu, katikati yake huwa imeanza kuoza kabla haijafika. Hapo kingamwili haina cha kushika. Kwa hiyo siandiki neno kabla ya kuwatafuta majirani wazima wa uvimbe kwenye kioo kile kile cha darubini: limfosaiti (chembe nyeupe za kinga), fibroblasti (seli za tishu unganishi), seli za kuta za mishipa ya damu. Viini vyao vikiwa na kahawia, hata ya mbali, na uvimbe hauna, huo ni upotevu wa kweli. Navyo vikiwa buluu, kioo hicho hakisemi kitu. Kata kipande kingine, kagua bafa (kimiminika cha kuchemshia kipande) na muda wa kuchemsha, rudia.

Bado vipo vioo vinavyoninyima raha. Viini vingi vimekolea, lakini hafifu navyo vimo, si haba. Kuna hata mabadiliko ya jeni yanayoacha rangi ikionekana ya kawaida kabisa. Hapo siapi. Jibu ni kusoma jeni yenyewe, na kipimo hicho si kila mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anakipata.

Kwenye ripoti andikeni mlichokiona: "Viini vya uvimbe havina rangi kabisa, limfosaiti zimeshika." Nanyi mnaotuma sampuli, fomalini ya asilimia 10 iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, kipande kikubwa kipasuliwe kabla ya kutumbukizwa, na saa kilipotoka mwilini iandikwe kwenye fomu.