Hitilafu za ndege kubwa: dhana potofu na ukweli wake

Januari 2013 ilikuwa chungu kwa Boeing 787, ndege ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Dreamliner. Tarehe 7, wafanyakazi wa usafi waliokuwa ndani ya ndege ya Japan Airlines iliyoegeshwa Boston, abiria wakiwa wameshashuka, walinusa harufu ya kitu kinachoungua na kuona moshi. Fundi alipokwenda kukagua vifaa vya umeme alikuta betri inawaka. Kesho yake ndege nyingine ya shirika hilo hilo, uwanjani hapo hapo, ilivuja mafuta. Tarehe 9 All Nippon Airways, shirika jingine la Japani, ilifuta safari ya 787 kwa sababu ya hitilafu ya kompyuta ya breki, na tarehe 11 ndege yake nyingine ilipata ufa kwenye kioo cha mbele. Vyombo vya habari viliyatunga yote hayo kwenye uzi mmoja kama shanga.

Dhana: Hitilafu zikiandamana, ndege hiyo ni mbovu.

Ukweli ni kwamba betri, breki na kioo havina uhusiano wowote isipokuwa kwamba vilikuwa kwenye ndege ya aina moja, katika juma ambalo kila mhariri alikuwa akiitazama. Kioo cha chumba cha marubani kimetengenezwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja na kupashwa joto kwa umeme ili kisishike barafu. Tabaka moja likipata ufa, yaliyobaki huendelea kuhimili mgandamizo wa hewa, na rubani hutua kioo kikabadilishwe. Jambo hili huzipata ndege za kila kiwanda. Hali ilijirudia Januari 2024: tarehe 5 kizibo cha nafasi ya mlango, yaani kipande kinachoziba nafasi ya mlango usiotumika, kiling'oka angani kwenye Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, na siku nane baadaye ufa wa kioo ulioirudisha Sapporo ndege ya All Nippon Airways ukawa habari ya dunia nzima, ingawa hiyo ilikuwa 737-800, toleo la zamani zaidi lisilo na kizibo cha aina hiyo.

Dhana: Basi waandishi wanakuza mambo tu.

Hapa msomaji mwerevu huteleza upande wa pili. Betri ya Boston haikuwa jambo dogo hata kidogo. Tarehe 16 Januari 2013 787 ya All Nippon Airways ilitua kwa dharura Takamatsu, Japani, betri yake ikiwa imeharibika kwa joto, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikazuia ndege hizo kuruka. Mamlaka za nchi nyingine zikafuata, na zote 50 zilizokuwa zikitoa huduma duniani zikabaki chini. Suluhisho lilikuwa kuongeza vizuizi kati ya seli za betri, kuifungia ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, na kuweka bomba la kutoa moshi nje ya ndege. Safari ya kwanza ya abiria baada ya hapo ilikuwa ya Ethiopian Airlines, kutoka Addis Ababa hadi Nairobi, tarehe 27 Aprili. Kwa maoni yangu, kosa la habari za wiki ile halikuwa kupiga kelele. Lilikuwa kupaza sauti ile ile kwa betri na kwa kompyuta ya breki, hata msomaji akashindwa kujua lipi la kumtia hofu.

Dhana: Ndege iliyozunguka saa nzima kabla ya kurudi ilikuwa imeponea chupuchupu.

Mara nyingi ilikuwa nzito tu. Boeing 777-300ER inaweza kuruka ikiwa na tani 351, lakini uzito wake wa kawaida wa kutua hauzidi tani 251, kwa hiyo rubani asiye na haraka huchoma au kumwaga mafuta kwanza. Angekuwa na moto, angetua na uzito wake wote, na ukaguzi ungefuata baadaye.

Dhana: Ndege haipaswi kuruka na kifaa kibovu.

Kila shirika lina orodha iliyoidhinishwa ya vifaa vinavyoweza kukosekana kwa muda, na masharti yake. Fundi huandika hitilafu kitabuni, hubandika alama kwenye swichi husika, na nahodha huamua kama anaipokea ndege. Vifaa vya kundi moja hupewa siku 3 za kutengenezwa, vya kundi jingine siku 10.

Dhana: Lawama ni ya kiwanda.

Machi 2024 gurudumu la Boeing 777 ya United, shirika la ndege la Marekani, lilidondoka ndege ikipaa San Francisco na kuponda magari kwenye maegesho. Jina la Boeing lilitajwa kila mahali, ilhali ndege ilikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini, na magurudumu hubadilishwa mara nyingi na karakana zinazolihudumia shirika. Ilitua salama Los Angeles ikiwa na magurudumu 11 makuu kati ya 12.