Python tatu kwenye laptopu moja, bila kuigusa ya mfumo

Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12, toleo ambalo distutils (moduli ya zamani ya kufungasha na kusakinisha programu za Python) imeondolewa. Mradi wa zamani unaoitegemea unaweza kugoma kwenye import ya kwanza tu. Kishawishi ni kuielekeza /usr/bin/python3 kwenye toleo jingine. Usithubutu. Zana za Ubuntu zinaitegemea Python ileile iliyokuja nayo. Siku ukiita add-apt-repository (amri ya kuongeza vyanzo vya programu) utajibiwa No module named 'apt_pkg', na pengine hata terminali igome kufunguka.

Mimi natumia pyenv, zana ya kuweka matoleo mengi ya Python kwenye mashine moja. Kila toleo inaliweka peke yake ndani ya ~/.pyenv/versions. Ila jua kwamba inashusha msimbo na kuukompaili kwenye mashine yako, kwa hiyo tanguliza hivi:

sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev libreadline-dev liblzma-dev

Ukisahau zlib1g-dev, kazi inakatika. Afadhali hiyo, unaiona. Ya hila ni libsqlite3-dev. Ikikosekana, pyenv inatoa onyo tu, inamaliza kama vile hakuna kitu, kisha wiki ijayo Django (zana ya kutengenezea tovuti) inalalamika haioni _sqlite3, moduli ya hifadhidata. Kuisakinisha wakati huo hakutoshi, kwa sababu Python imeshajengwa bila hiyo. Ijenge upya: pyenv install --force 3.11.9.

Sasa bando. Tengeneza folda ~/.pyenv/cache kabla ya kushusha chochote. Ikiwapo, pyenv inahifadhi humo faili la Python-3.11.9.tar.xz, takriban MB 20. Lishushe mara moja Kigoma mjini, liweke kwenye flashi, na mwenzako wa Kasulu alinakili kwenye folda kama hiyo bila kubadili jina. Bando lake litapona. (Umeme ukikatika katikati ya kukompaili, hapo hakuna ujanja, unaanza upya.)

Ndani ya folda ya mradi andika pyenv local 3.11.9. Linazaliwa faili dogo, .python-version, basi. Kama python3 --version bado inasema 3.12, kagua ~/.bashrc: huenda PATH (orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa) haianzii kwenye ~/.pyenv/shims, au umesahau mstari wa eval "$(pyenv init -)". Fungua terminali mpya ndipo ujaribu tena.

Na venv, yaani folda ya maktaba za mradi mmoja peke yake? Inashikamana na toleo lililoiunda. Kubadili pyenv local baadaye hakuibadilishi. Ifute, kisha python -m venv .venv upya.